Nina kiakisi mlingotini, lakini meli haikuniona kwenye rada. Kosa liko wapi?

#1 Tanga_Moja
Wakuu habari za humu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mnisaidie.

Juzi usiku nilikuwa peke yangu kwenye mashua yangu ya faiba, mita 8, tanga kubwa nimelipunguza mara moja. Upepo unatoka kushoto, mashua imelalia kulia, mawimbi kama mita moja na nusu. Nikaona taa za meli upande wa kushoto. Zile taa zake mbili nyeupe zilikuwa zimesimama moja juu ya nyingine, yaani omo, sehemu ya mbele ya meli, limeelekea kwangu moja kwa moja. Nikaita redioni, chaneli 16. Afisa wa zamu akajibu vizuri tu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Taa yako naiona kwa darubini. Kwenye rada sina kitu." Kwa makadirio yake tulikuwa maili mbili na nusu za baharini. Akageuza mapema, tukapishana salama, nikamshukuru.

Sasa mimi nina kiakisi, kile kifaa cha kurudisha mawimbi ya rada! Ni lile bomba jeupe la plastiki lenye mabamba ndani, unene sentimita 5, urefu kama 60. Nimelifunga kwenye waya wa kulia unaoshika mlingoti, mita 4 juu ya maji. Miaka yote nimelala nikiamini linafanya kazi. Kosa ni la bomba, ni la mahali nilipolifunga, au ni la meli?

#2 Guni_na_Msumeno
Ni la bomba, mkuu. Nakupa hesabu ujionee mwenyewe.

Kiakisi hufanya kazi kwa kona: mabamba matatu yanayokutana kwa nyuzi 90. Mawimbi ya rada yakiingia humo hugonga bamba la kwanza, la pili, la tatu, kisha hurudi kulekule yalikotoka. Nguvu ya kona inapanda kwa ukubwa wa ukingo wake uliopigwa mara nne kwa wenyewe. Ukiongeza ukingo mara mbili, mwangwi unaongezeka mara 16.

Rada ya bendi ya X ina mawimbi ya sentimita 3.2 hivi. Kona yenye ukingo wa sentimita 30 ikitazama rada sawasawa inajibu kama kitu cha mita za mraba 33. Ya sentimita 20 inashuka hadi 6.5. Ya sentimita 10 haifiki hata nusu mita ya mraba. Ndani ya bomba la sentimita 5 kona zako zina ukingo wa sentimita mbili au tatu, mdogo kuliko wimbi lenyewe. Hapo kona haifanyi tena kazi ya kona.

Livue hilo bomba, weka kiakisi cha mabamba makubwa.

#3 Mzee_wa_Zamu
Salaam. Nimesimama zamu kwenye madaraja ya meli miaka mingi, kwa hiyo naongea kutoka upande wa pili wa kioo.

Guni yuko sahihi kuhusu bomba, ila asilimalizie bomba kosa lote. Mawimbi ya mita moja na nusu yanajaza chenga, yaani vinukta vya mwangwi wa maji, katikati ya kioo cha rada, duara zima kuizunguka meli. Afisa anapunguza chenga kwa kitufe. Akizidisha, anafuta chenga pamoja na mashua ndogo. Mwangwi wako ukiwa dhaifu kuliko wa wimbi, kwenye rada wewe ni wimbi. Na mwangwi unaotokea mzunguko mmoja wa antena ukapotea mitatu, kompyuta ya kufuatilia vyombo haiushiki.

Jambo la pili. Meli za tani 3,000 na zaidi huwa na rada mbili, X na S. Rada ya S ina mawimbi ya sentimita 10 na inapenya mvua vizuri, kwa hiyo bahari kuu wengi huiacha hiyo ndiyo iwake. Guni, hebu piga hesabu yako kwa S.

#4 Guni_na_Msumeno
Nimepiga, Mzee. Ile kona ya sentimita 30 inatoka 33 inashuka hadi kama 3.4. Karibu mara kumi chini. Bomba la jamaa hapo usiliulizie.

#5 Maji_Mafu
Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye mambo haya. Huyu ndugu ana mlingoti wa alumini, si ndiyo? Bomba la chuma la mita kumi limesimama katikati ya bahari. Rada inaikosaje?

#6 Tanga_Moja
Ndiyo, ni wa alumini. Swali lake na mimi naliunga mkono.

#7 Bi_Usukani
@Maji_Mafu swali zuri. Mlingoti ni kama kioo cha mviringo. Ukisimama wima kabisa mbele ya rada unajibu kwa nguvu ya ajabu. Ukiinama hata nyuzi moja kuelekea meli au kinyume chake, mwangwi wote unaenda angani au unazama majini. Tanga_Moja alikuwa amelalia kulia na meli inatoka kushoto, kwa hiyo mlingoti ulikuwa umeipa meli mgongo. Faiba nayo rada inapita humo kama mwanga kwenye pazia jepesi. Kilichobaki ni injini, jiko, na mwili wa binadamu ambao unajibu kama mita moja ya mraba, tena akiwa juu ya maji, sio kajificha nyuma ya wimbi.

Kwa hiyo mimi naona kosa ni ule mlalo. Hata kiakisi kizuri kikilala nyuzi 20 kinaweza kugeuza pembe yake dhaifu kuelekea meli.

#8 Kamba_Tatu
Mbona mnajisumbua. Marehemu babu yangu aliyenifundisha bahari alikuwa anakunja karatasi za alumini, anazijaza kwenye mlingoti wa mbao uliotobolewa ndani. Wengine wanapandisha sufuria kileleni. Na meli zilikuwa zinakwepa.

#9 Guni_na_Msumeno
Babu tunamheshimu, lakini sufuria hapana. Kitu cha mviringo kinatawanya mwangwi kila upande. Tufe la chuma lenye kipenyo cha sentimita 30 linajibu kama 0.07 ya mita ya mraba. Linganisha na 33 ya kona. Karatasi zilizokunjamana nazo kila kipande kinatazama kwake, nusu vinasaidiana na nusu vinauana. Meli zilimkwepa kwa sababu watu walikuwa wanatazama nje kwa macho.

#10 Kamba_Tatu
Hapo pa macho nakubali. Ila Guni wewe ungepewa sufuria ungelipima kwa guni kwanza kabla ya kupika.

#11 Guni_na_Msumeno
Ningelipima na mfuniko.

#12 Nanga_Juu
Wadau mnajadili teknolojia ya vita vya dunia. Siku hizi kuna AIS. Unafunga kisanduku, meli inakuona kwa jina, mwendo na uelekeo, haijalishi umelala au umesimama. Kiakisi cha nini tena? Na sheria yenyewe inadai mita 10 za mraba, hakuna mashua ndogo inayofikisha.

#13 Mzee_wa_Zamu
Nanga_Juu, AIS ni nzuri na ninaipenda, lakini nikurekebishe mambo matatu.

Mita 10 ilikuwa kwenye kiwango cha kimataifa cha 1997. Kiwango kipya cha viakisi visivyotumia umeme, cha 2010, kinataka 7.5 kwa X na 0.5 kwa S, tena sio nukta moja ya bahati bali sehemu kubwa ya duara. Kwa mashua za tanga kinataka viwango hivyo vishikilie hata kwenye mlalo wa nyuzi 20.

Pili, sheria. Sura ya tano ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kanuni ya 19, inasema chombo cha chini ya tani 150 kiwe na kiakisi au njia nyingine ya kuonekana kwenye rada za 9 na 3 gigahezi, yaani X na S, ikiwezekana kufanya hivyo. AIS sio mwangwi wa rada.

Tatu, AIS za mashua ndogo, daraja B, za aina ya kawaida zinatuma kwa wati 2, kila sekunde 30 ukiwa unatembea. Zile bora zina wati 5. Meli zina wati 12.5. Na kwenye maji yenye msongamano nimeona maafisa wakizima alama za daraja B kwenye kioo ili wapumue. Sisifu jambo hilo, nasema nilichokiona.

#14 Nanga_Juu
Hapo pa kuzima sikujua. Asante Mzee. Bado sitatoa AIS yangu.

#15 Mzee_wa_Zamu
Usiitoe kabisa.

#16 Bi_Usukani
Mnaosema bomba ni dhaifu, kuna kisa kinachopaswa kujulikana na kila mwenye mashua. Agosti 2006 boti ya tanga iitwayo Ouzo ilipotea kusini mwa kisiwa cha Wight, Uingereza. Mabaharia watatu walikufa. Uchunguzi wa serikali ulihusisha ajali ile na kivuko kikubwa kilichopita usiku uleule. Baadaye wachunguzi walipeleka viakisi vya kawaida kupimwa maabara, na mwaka 2007 matokeo yakatoka: bomba la inchi 4, yaani nene mara mbili ya la Tanga_Moja, lilionekana dhaifu kiasi kwamba halifai. Walichokipendelea ni kifaa cha umeme kinachojibu rada. Na wakasisitiza kiwe kimefungwa muda wote, sio kulazwa kabatini kungoja ukungu.

Kila nikisoma kisa kile nafikiria wale watatu. Mashua yao ilikuwa karibu sawa na yangu kwa urefu.

#17 Maji_Mafu
Dada, hicho kifaa cha umeme ndicho SART? Niliona kimoja cha rangi ya machungwa kwenye boti ya uokoaji.

#18 Bi_Usukani
Hapana, usivichanganye tafadhali. SART ni ya dharura. Ukiiwasha, rada ya X inaonyesha mstari wa nukta 12 na meli inajua kuna watu wanahitaji kuokolewa. Usiiwashe eti uonekane.

Ninachosema mimi ni kikuza mwangwi. Kinapokea pigo la rada, kinalikuza, kinalirudisha papo hapo, nawe unaonekana kama chombo kikubwa zaidi. Faida nyingine kinalia au kinawasha taa kikipigwa na rada, kwa hiyo unajua kuna meli kabla hujaiona. Ila vingine vinajibu X peke yake. Meli ikiwa imewasha S tu, wewe unakaa kimya na kifaa chako kimekaa kimya. Vya bendi mbili vipo.

#19 Faiba_na_Gundi
Na betri ikifa umebaki na kijiti cha plastiki. Mimi nataka kitu kisichotegemea waya. Kuna vile viakisi vya matufe matatu vya nadharia ya Luneburg. Ni tufe la plastiki lenye tabaka, linalokusanya mawimbi yote kwenye nukta moja ya upande wa nyuma kama lenzi, kisha kuyarudisha. Kwenye majaribio yaleyale aliyoyataja Bi Usukani, cha matufe makubwa ndicho kilichotajwa kama chaguo kwa asiye na umeme. Uzito wake lakini! Ukiupandisha kileleni mwa mashua ya mita 8 utausikia kwenye usukani.

#20 Hesabu_za_Pwani
Nimesoma uzi wote, naomba kutofautiana na wengi. Hamjagusa maji yenyewe.

Rada inamfikia Tanga_Moja kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kudunda kwenye uso wa bahari. Njia hizo zina urefu tofauti kidogo. Kwenye umbali fulani zinasaidiana, kwenye umbali mwingine zinafutana na unatoweka kabisa hata ukiwa na kiakisi cha dhahabu. Zidisha urefu wa antena kwa urefu wa kiakisi, mara mbili, gawanya kwa urefu wa wimbi. Antena mita 20, kiakisi mita 4, wimbi 0.032: unapata mita 5,000. Ni maili 2.7. Na afisa alisema mlikuwa maili mbili na nusu!

Mimi naamini alikuwa ndani ya shimo.

#21 Mzee_wa_Zamu
Hesabu yako nimeifuata na ni kweli mashimo yapo, nimeona nyangumi wa chuma akipotea kwenye kioo na bahari imetulia kama mafuta. Lakini kuna mambo mawili. Bahari ya Tanga_Moja haikuwa tulivu, na maji yaliyochafuka hayadundishi vizuri hivyo. Tena meli ya mwendo wa noti 15, yaani maili 15 kwa saa, inakula maili kila dakika nne. Shimo lingekuwa la dakika chache, na kabla yake, kwenye maili tano, angekuwa kwenye kilele cha mwangwi. Afisa angekuwa amemwona kisha akampoteza. Yeye alisema hana kitu.

#22 Hesabu_za_Pwani
Hajui kama alikuwa nacho kabla. Alitazama kioo baada ya kuitwa.

#23 Mzee_wa_Zamu
Hapo umenibana. Hilo nalo linaniuma, kwa sababu maana yake ni kwamba kabla ya kuitwa pengine hakuna aliyetazama. Kanuni ya 5 ya kuzuia migongano inadai kutazama kwa macho na masikio muda wote. Na ya 6 inawaonya wenye rada waziwazi kwamba vyombo vidogo huenda visionekane kwa umbali wa kutosha. Ya 5 inamhusu kila mwenye chombo, meli na mashua.

#24 Kamba_Tatu
Kwa hiyo babu hakuwa mjinga.

#25 Tanga_Moja
Wakuu nimewasoma wote. Nimeagiza mabamba ya alumini, nataka kujiundia kile cha mabamba matatu kinachotoa kona nane. Nikitundike vipi? Jirani yangu ananiambia ncha juu, yaani kisimame kama almasi.

#26 Guni_na_Msumeno
Jirani kakosea, na ni kosa la watu wengi. Kisimame cha kukinga mvua: kona moja wazi itazame juu, kana kwamba unataka ijae maji. Hapo moja inatazama juu, moja chini, na sita zinazunguka upeo zikipishana, tatu juu kidogo na tatu chini kidogo. Ukitundika ncha juu, kona nne zinaangalia mbingu na nne zinaangalia samaki.

Na nyuzi 90 ziwe 90. Tumia guni, usikadirie kwa jicho. Bamba likipinda kwa kugongwagongwa na kamba, mwangwi unaanguka vibaya. Ndiyo maana vile vya kukunja vilivyokaa miaka kabatini sivipendi.

#27 Faiba_na_Gundi
Kikaze, kisining'inie. Kikining'inia kwenye kamba kinazunguka na kupiga mlingoti hadi kinapinda.

#28 Bi_Usukani
Napingana na Faiba. Kikikazwa mlingotini, mlingoti ukilala kinalala nao, na ule mkao wa kukinga mvua umeharibika palepale. Mimi changu kinabembea kwenye fremu, mashua ikilala chenyewe kinabaki wima.

#29 Faiba_na_Gundi
Fremu yako inabembea bandarini. Kwenye mawimbi makali inayumba kuliko mlingoti wenyewe.

#30 Bi_Usukani
Nimeitumia misimu minne, ndugu yangu. Njoo uione.

#31 Maji_Mafu
Na akiweka viwili? Kimoja kulia kimoja kushoto, mlingoti usikizuie chochote.

#32 Hesabu_za_Pwani
Viwili vikionekana na meli kwa wakati mmoja vinaweza kusaidiana au kufutana, inategemea tofauti ya umbali wao kwa sentimita tu. Ila mashua inayumba kila sekunde kwa hiyo haitabaki kwenye kufutana. Mimi ningeweka viwili.

#33 Guni_na_Msumeno
Mimi ningeweka kimoja kikubwa. Ukingo mara mbili, mwangwi mara 16.

#34 Hesabu_za_Pwani
Mwangwi mara 16, umbali wa kuonekana mara mbili tu. Nguvu inafifia kwa umbali uliopigwa mara nne kwa wenyewe, inakwenda na inarudi. Usimpe mtu matumaini ya mara 16.

#35 Guni_na_Msumeno
Kutoka maili mbili hadi nne, kwa meli ya noti 15, ni dakika nane zaidi za kufikiri. Nazichukua.

#36 Nanga_Juu
Kikae juu kiasi gani? Kileleni si ndiyo upeo unaongezeka?

#37 Mzee_wa_Zamu
Upeo sio shida yako. Antena ya mita 25 na kiakisi cha mita 4 vinaonana hadi maili 15 hivi. Unakipandisha ili mawimbi yasikifunike. Mita 4 ndio kima cha chini ninachokijua, zaidi ya hapo ni wewe na uzito.

#38 Tanga_Moja
Mrejesho. Kiakisi kimekamilika, ukingo wa kila kona sentimita 30, nimekikaza kwa mkao wa kukinga mvua, mita 5 juu. Bomba nimelitupa. Rafiki yangu mwenye boti kubwa ya injini yenye rada ya X alikaa mahali pamoja, mimi nikaenda umbali wa maili 4 kisha nikawa nageuka polepole duara zima.

Kwenye maili 4 alinipata karibu kila mzunguko wa antena, isipokuwa pande mbili ambazo mwangwi ulikuwa unakatika. Kwenye maili 2 alinipoteza kabisa kwa muda mfupi, kisha nikarudi. Nikashusha kiakisi, nikarudi pale kwenye maili 4 kujaribu na mlingoti peke yake. Nikawa naonekana kama nukta moja inayokuja na kuondoka.

#39 Hesabu_za_Pwani
Maili 2! Antena yake ina urefu gani juu ya maji?

#40 Bi_Usukani
Na hizo pande mbili zilizokatika, moja ni pale mlingoti uliposimama mbele ya kiakisi?

#41 Mzee_wa_Zamu
Hongera kwa kujaribu, wengi hawafanyi. Swali moja: bahari ilikuwaje, na mashua ililala?

#42 Tanga_Moja
Mzee, bahari ilikuwa shwari kabisa. Nilitumia injini, mashua ilisimama wima muda wote. Bi Usukani, upande mmoja ndiyo, mlingoti. Wa pili sielewi. Hesabu, urefu wa antena nitamuuliza.

#43 Mzee_wa_Zamu
Basi usiku ule bado hujaupima. Ngoja upepo, upandishe tanga, ulale kulia naye akae kushoto kwako. Na mwambie asiguse kitufe cha chenga mpaka umwambie.